Kwotabeki Chipukizi: Kwa Nini NFL Hukosea Sana Kumchagua, na Zaidi Kumlea

Aprili 2021 klabu ya San Francisco 49ers ilimchagua Trey Lance, kwotabeki wa miaka 20 (kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kutupa mpira), akiwa wa tatu katika drafti nzima (uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya) ya ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL. Ili kupanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya tatu, 49ers waliwapa Miami Dolphins nafasi yao hiyo ya 12, nafasi zao za raundi ya kwanza za 2022 na 2023, na moja ya raundi ya tatu juu yake. Mwaka uliofuata, klabu ileile chini ya kocha yuleyule ikamchukua kwotabeki mwingine, Brock Purdy, akiwa wa 262, yaani wa mwisho kabisa. Wamarekani wana jina la utani kwa anayeshika mkia wa drafti: Bwana Asiye na Maana. Lance alianza mechi nne tu kwa 49ers, kisha Agosti 2023 akapelekwa Dallas kwa kubadilishana na nafasi moja ya raundi ya nne. Purdy, Februari 2024, alikuwa Las Vegas akiiongoza timu kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, akapoteza 25-22 kwa Kansas City Chiefs katika muda wa ziada.

Visa hivi viwili hutajwa kila mtu anapotaka kusema kwamba drafti ni kamari. Ni kamari kweli, lakini kuishia hapo hakuelezi chochote. Waliomfundisha Lance ndio waliomfundisha Purdy. Tofauti ilikuwa kile ambacho kila mmoja alifika nacho na siku aliyokabidhiwa mpira. Lance alikuwa ameanza mechi 17 tu chuoni North Dakota State, na katika mwaka wake wa mwisho, 2020, alicheza mechi moja kwa sababu ya korona. Alipofika California akakaa benchi karibu msimu wote wa kwanza, na msimu wa pili akavunjika kifundo cha mguu katika mechi ya pili. Purdy alikuwa amecheza miaka minne Iowa State, na zamu yake ilipofika Desemba 2022, baada ya Jimmy Garoppolo, aliyeshika nafasi ya Lance, naye kuumia, alijikuta katikati ya timu iliyokwisha kukamilika kila idara. Mmoja alihitaji muda na hakuupata. Mwingine alihitaji nafasi tu.

Kwa wanaoutazama mchezo huu kutoka huku kwetu, ambako mechi za mapema za Jumapili huanza saa mbili au saa tatu usiku na Super Bowl humkesheza mtu hadi alfajiri, jambo linaloshangaza ni hili: ligi yenye fedha nyingi kuliko zote duniani bado inashindwa kumtambua mapema mtu mmoja anayebeba timu nzima. Nadhani jibu kubwa haliko kwenye macho ya maskauti, yaani wasaka vipaji. Liko kwenye mfumo wenyewe, ambao humchukua mchezaji mbichi kuliko wote, humpeleka kwenye nyumba iliyobomoka kuliko zote, kisha humpa muda mfupi.

Wa mwisho huchagua kwanza

Kwenye soka klabu hulea watoto tangu wakiwa na miaka minane au tisa, na anayemtaka mchezaji wa wengine hutoa fedha. Klabu za NFL hazina akademia. Kazi ya malezi hufanywa na shule za sekondari na vyuo vikuu, na mchezaji haruhusiwi kuingia ligi mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Klabu humpata akiwa na miaka 21, 22 au 23, akiwa na tabia zake, mazoea yake na makosa yake yote mkononi.

Drafti ndiyo mlango. Ilianza mwaka 1936, na mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger, hakucheza NFL hata siku moja. Leo ina raundi saba zinazochukua siku tatu mwishoni mwa Aprili. Katika kila raundi timu 32 huchagua kwa zamu, na zamu hupangwa kwa kugeuza msimamo wa ligi: waliofanya vibaya zaidi ndio wa kwanza, bingwa ndiye wa mwisho. Hakuna kushuka daraja, hivyo kufungwa msimu mzima hakumtishi mwenye klabu. Kuna hata zawadi yake. Nafasi zinaweza kuuzwa na kubadilishwa, zikiwemo za miaka ijayo, ndiyo maana 49ers waliweza kulipa kwa kitu ambacho hakijazaliwa.

Mchezaji hachagui aende wapi. Wachache waligoma na wakafaulu: John Elway aliikataa Baltimore mwaka 1983, na Eli Manning akaikataa San Diego mwaka 2004 akaishia New York Giants. Lakini hao walikuwa na majina makubwa na familia za kuwasemea. Wengine hupiga picha na kofia waliyopewa, wakatabasamu.

Nia ya utaratibu huu ni usawa, na kwa nafasi nyingine uwanjani unafanya kazi vizuri. Mkimbiaji mzuri akienda timu mbovu bado atakimbia. Kwotabeki ni jambo jingine, kwa sababu yeye humtegemea kila mtu. Timu inayoshika mkia haishiki mkia kwa bahati mbaya. Mara nyingi wachezaji watano wa mbele wanaomkinga ni dhaifu, wapokeaji, yaani wanaotupiwa mpira, hawakimbii njia zinazoeleweka, kocha yuko ukingoni kufukuzwa, na mwenye klabu hana subira. Kumpa kijana timu hiyo ni kumkabidhi dereva mpya basi bovu lililojaa abiria, kisha kumlaumu likienda mtaroni. David Carr alichaguliwa wa kwanza mwaka 2002 na Houston Texans, klabu iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kucheza ligi. Msimu huo aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ya NFL. Mtu aliyeangushwa mara 76 hujifunza kutazama miguu ya mabeki badala ya kutazama uwanja, na tabia hiyo haiondoki kwa maneno ya kocha.

Kazi isiyoonekana kwenye runinga

Wengi huona kutupa mpira tu. Kutupa ndiyo sehemu rahisi. Kila anayefika hatua hii ana mkono.

Baada ya mchezo mmoja kuisha, yaani shambulizi moja fupi na si mechi nzima, saa ya sekunde 40 huanza kuhesabu. Kocha humwambia kwotabeki mbinu kupitia redio iliyomo ndani ya kofia yake, na redio hiyo hukatwa saa inapobakiza sekunde 15. Mbinu yenyewe ni sentensi ndefu ya majina na namba: nani asimame wapi, nani asogee kabla mpira haujaanza, walinzi wa mbele wakinge upande gani, kila mpokeaji akimbie njia ipi, na mara nyingine mbinu ya pili ya akiba endapo ya kwanza haifai. Kijana anatakiwa airudie neno kwa neno mbele ya wenzake kumi waliochoka, aende kwenye mstari, awatazame mabeki, akisie nani atamshambulia na nani anajifanya tu, abadilishe ulinzi kama unahitaji kubadilishwa, kisha aanze mchezo. Mpira ukishafika mkononi ana takriban sekunde mbili na nusu.

Chuoni mambo haya mengi hufanywa na watu wengine. Vyuo vingi hucheza bila wachezaji kukusanyika kupeana mbinu. Wachezaji hugeuka kutazama pembeni ambako makocha hupunga mikono au huinua mabango yenye picha, na kocha mwenyewe ndiye huwasoma mabeki na kubadilisha mbinu. Redio ya kofia iliruhusiwa kwenye daraja la juu la vyuo mwaka 2024 tu. Kwa hiyo skauti anayetazama mkanda wa kijana aliyetupa mipira 40 yenye mabao hajui kwa hakika ni mawazo ya nani anayoyaona pale.

Hata uwanja wenyewe unatofautiana. Kabla ya kila mchezo mpira huwekwa kati ya safu mbili za vistari vifupi. Chuoni umbali kati ya safu hizo ni kama mita 12. NFL ni mita tano na nusu hivi. Inaonekana ni jambo dogo, lakini chuoni upande mmoja wa uwanja huwa mpana sana, mabeki hulazimika kutawanyika, na nafasi za wazi zinajitokeza zenyewe. NFL mpira uko karibu na katikati kila wakati. Mpokeaji anayehesabiwa kuwa wazi ana upana wa bega moja tu, na mpira unatakiwa uondoke mkononi kabla hajageuka kuutazama. Kijana aliyezoea kusubiri amwone mtu yuko wazi ndipo atupe atakuwa amechelewa daima, na hatajua kwa nini.

Vipimo na mitihani

Mwishoni mwa Februari wachezaji zaidi ya 300 hualikwa Indianapolis kupimwa. Urefu, uzito, mbio za yadi 40, hata ukubwa wa kiganja hupimwa. Joe Burrow alipopimwa mwaka 2020 kiganja chake kikaonekana kidogo, pakawa na mjadala wa siku kadhaa. Miezi 24 baadaye alikuwa kwenye Super Bowl na Cincinnati. Siwalaumu sana wanaopima. Mtu asiyeweza kupima anachokitaka hupima anachokiweza.

Kwa miaka mingi kulikuwa pia na mtihani wa akili wa Wonderlic, ambao NFL iliuacha mwaka 2022. Ukashika nafasi mtihani wa kompyuta uitwao S2, unaopima kasi ya macho na ubongo kupokea na kuchambua vitu vinavyopita haraka. Mwaka 2023 matokeo yalivuja: Bryce Young alikuwa juu kabisa, C.J. Stroud chini kabisa. Carolina Panthers wakamchukua Young wa kwanza, Houston wakamchukua Stroud wa pili. Stroud akatupa yadi 4,108, mipira 23 ya mabao na mitano tu iliyonaswa na wapinzani, akawa chipukizi bora wa ushambuliaji wa mwaka na kuiingiza Houston kwenye mtoano. Timu ya Young ilishinda mechi mbili kati ya 17, na yeye akaangushwa mara 62.

Rahisi kusema mtihani ulidanganya. Mimi nasita. Stroud alikuta kocha mpya, DeMeco Ryans, mwenye nguvu na imani ya klabu. Young alikuta kocha, Frank Reich, aliyefukuzwa baada ya mechi 11. Zaidi ya hayo, ili wapate nafasi ya kumchagua, Panthers waliwapa Chicago Bears nafasi ya tisa, nafasi ya 61, nafasi ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na mpokeaji wao bora DJ Moore. Someni tena hilo la mwisho. Walimnunua mtupaji kwa kumtoa mtu wa kutupiwa. Na kwa kuwa walishika mkia, ile nafasi ya 2024 ikageuka kuwa ya kwanza kabisa, Chicago wakaitumia kumchukua Caleb Williams.

Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, ambaye mwaka 2017 alipata Tuzo ya Nobel, waliwahi kuichambua drafti hii kwa miaka mingi ya takwimu. Ukichukua wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa kwa kufuatana, walikuta, yule wa mbele alikuja kuwa bora kwa kama asilimia 52 ya mara zote. Ni karibu sawa na kurusha shilingi. Hitimisho lao lilikuwa kwamba klabu zinajiamini kupita kiasi, na anayelipa nafasi nyingi ili apande mbele ya foleni kwa kawaida ndiye anayepunjwa. Makala yao husomwa, hunukuliwa, kisha Aprili ikifika watu hupanda foleni vilevile. Kwa kwotabeki nawaelewa kidogo. Meneja aliyekosa kwotabeki atafukuzwa kwa hakika. Aliyechagua asiyefaa ana angalau miaka miwili ya kuonekana ana mpango.

Saa ya fedha

Mpaka mwaka 2010 chipukizi alijadili mshahara wake kama mchezaji mwingine yeyote. Sam Bradford, wa kwanza mwaka huo, alisaini St. Louis Rams miaka sita yenye thamani ya dola milioni 78, 50 kati yake akiwa na uhakika nazo, bila kutupa mpira hata mmoja wa NFL. Wachezaji wakongwe walinung'unika, na mkataba mpya wa ligi na chama cha wachezaji wa 2011 ukaweka viwango. Cam Newton, wa kwanza mwaka 2011, alipata milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kila nafasi ina bei yake. Mkataba ni wa miaka minne. Kwa raundi ya kwanza klabu ina hiari ya mwaka wa tano, na inatakiwa iamue mapema Mei baada ya msimu wa tatu. Mchezaji naye hawezi kudai mkataba mpya mpaka misimu mitatu ipite.

Upande wa pili wa hesabu ni kikomo cha mishahara. Kila klabu ina kiasi kilekile cha kuwalipa wachezaji wote. Mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4. Mwaka huohuo Dak Prescott alisaini Dallas kwa wastani wa milioni 60 kwa mwaka, ambayo ni karibu robo ya kikomo cha mwaka huo kwa mtu mmoja. Caleb Williams, wa kwanza katika drafti ya 2024, alikuwa na kama milioni 39 kwa miaka yote minne. Purdy katika msimu uliomfikisha Super Bowl alikuwa na mshahara wa dola 870,000, pungufu ya wachezaji wengi wa akiba. Tofauti hiyo ndiyo inayonunua walinzi wa mbele, wapokeaji na mabeki. Seattle walibeba ubingwa Februari 2014 wakimlipa Russell Wilson, chaguo la raundi ya tatu, vijisenti. Halafu kwa miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024, mmoja wa makwotabeki wa Super Bowl alikuwa bado kwenye mkataba wa chipukizi: Burrow, Jalen Hurts, Purdy. Wote watatu walipoteza, lakini walifika.

Hapo ndipo fundo lilipo. Kila mwezi ambao kijana anakaa benchi akijifunza, klabu inachoma moja ya miezi yake ya bei nafuu. Malezi mazuri yanataka subira na hesabu nzuri inataka haraka, na haraka hushinda karibu kila mara.

Benchi au uwanjani?

Mashabiki hupenda swali hili kwa sababu kila upande una mashahidi. Aaron Rodgers alichaguliwa wa 24 mwaka 2005, akakaa miaka mitatu nyuma ya Brett Favre pale Green Bay, kisha akaleta ubingwa. Klabu ileile ikarudia na Jordan Love mwaka 2020, naye akangoja miaka mitatu. Patrick Mahomes alikaa msimu wa 2017 nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja tu ya mwisho, kisha 2018 akatupa mipira 50 ya mabao na kuwa mchezaji bora wa ligi. Upande wa pili yuko Peyton Manning, aliyeanza kila mechi mwaka 1998, mipira yake 28 ikanaswa na wapinzani, rekodi ya chipukizi ambayo bado ipo, timu ikashinda mechi tatu. Mwaka uliofuata ikashinda 13.

Lakini benchi peke yake halifundishi. Wiki ya NFL ina siku tatu hivi za mazoezi ya maana, na karibu mbinu zote huchezwa na anayeanza Jumapili. Wa akiba huongoza kikosi cha kuigiza, yaani huwachezea mabeki wa timu yake mbinu za mpinzani wa wiki hiyo, akizisoma kwenye kadi. Anafanya mazoezi ya kitabu cha watu wengine. Mkataba wa 2011 pia ulipunguza mazoezi: katika msimu mzima ni siku 14 tu zinazoruhusiwa kuvaa pedi zote, na msimu ukiisha makocha hawaruhusiwi kufundisha wachezaji mpaka Aprili. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa miili ya wachezaji, na mgumu kwa chipukizi. Ndiyo sababu biashara ya walimu binafsi wa kutupa imekua sana, na klabu nyingine zimegeukia miwani ya uhalisia pepe. Jayden Daniels alianza kuitumia chuoni LSU, akiangalia mabeki wakisogea kwa kasi iliyozidishwa kuliko ya mchezo halisi, akaendelea nayo Washington, na mwaka 2024 akaipeleka timu yake hadi mechi moja kabla ya Super Bowl akiwa na mwaka mmoja tu wa ligi. Zingatieni lakini kwamba alikuwa pia amecheza miaka mitano chuoni. Miwani haikumfundisha kutoka sifuri.

Kilichomfaa Mahomes hakikuwa kiti. Alikuta timu iliyokuwa ikishinda tayari, na Kansas City walikuwa wamepanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya kumi kumfuata, kitu ambacho timu mbovu haihitaji kufanya na hivyo kijana akaangukia nyumba nzima. Alikuta kocha, Andy Reid, ambaye hakuna aliyekuwa anataka kumfukuza. Na mbele yake alikuwepo Alex Smith, mkongwe aliyemfungulia daftari lake japo alijua anamwandaa atakayemwondoa. Smith mwenyewe, alipokuwa chaguo la kwanza la 49ers mwaka 2005, alibadilishiwa mratibu wa mashambulizi karibu kila mwaka. Mratibu akibadilika, kamusi nzima inabadilika: mbinu iliyokuwa na jina moja sasa ina jingine, hatua za miguu zinahesabiwa upya, na mchezaji wa mwaka wa nne anarudi kuwa wa mwaka wa kwanza.

Mfano bora wa kumlea mchezaji, kwa maoni yangu, ni wa Buffalo. Mwaka 2018 makwotabeki watano walichaguliwa raundi ya kwanza: Baker Mayfield wa kwanza, Sam Darnold wa tatu, Josh Allen wa saba, Josh Rosen wa kumi, Lamar Jackson wa 32. Allen alitoka chuo cha Wyoming akiwa na mkono wa mizinga na shabaha mbaya. Wapinga takwimu walimpenda na wapenda takwimu walimcheka. Msimu wa kwanza ni asilimia 52.8 tu ya mipira yake iliyofika, na wa pili 58.8. Wa tatu ikapanda hadi 69.2, kitu ambacho wachambuzi walikuwa wakisema hakiwezekani, kwamba shabaha haifundishiki. Nini kilibadilika? Kwanza kabisa, kocha mkuu, meneja na mratibu wa mashambulizi, Brian Daboll, hawakubadilika miaka yote hiyo. Mwaka wa pili wakajenga upya ukuta wa mbele. Mwaka wa tatu wakamleta Stefon Diggs, mpokeaji anayefika mahali sahihi kwa wakati sahihi. Allen naye alitumia likizo zake kurekebisha miguu na nyonga na mwalimu wake binafsi. Kila mwaka alirudi akikuta lugha ileile, hivyo alichojifunza kilirundikana juu ya cha jana. Mwaka 2024 akawa mchezaji bora wa ligi.

Rosen, aliyehesabiwa kuwa na mkono uliokomaa kuliko wote watano, alitua Arizona. Mratibu wake alifukuzwa katikati ya msimu. Kocha mkuu alifukuzwa msimu ulipoisha. Kocha mpya, Kliff Kingsbury, alimtaka Kyler Murray, na kwa kuwa Arizona walishika mkia walikuwa na nafasi ya kwanza ya kumchukua. Rosen akauzwa Miami baada ya mwaka mmoja, na hakupata tena timu ya kuiita yake. Je, angekuwa mzuri Buffalo? Hakuna ajuaye, na hilo ndilo linalofanya ubishi wa drafti usiishe: tunamwona kila kijana katika maisha yake moja tu.

Ila siku hizi wanaanza kupata maisha ya pili. Mayfield alipita Carolina na Los Angeles kabla ya kutulia Tampa Bay, ambako mwaka 2024 alitupa mipira 41 ya mabao. Darnold naye aliharibikiwa New York Jets, kocha wake akifukuzwa baada ya msimu wake wa kwanza, akapita Carolina, kisha akakubali kuwa wa akiba San Francisco mwaka 2023, akikaa nyuma ya Purdy na kujifunza tena miguu yake. Minnesota Vikings walimchukua 2024 awashikie zamu huku J.J. McCarthy, chaguo lao la kumi mwaka huo, akiandaliwa. McCarthy akaumia goti kabla msimu haujaanza na kukosa wote. Darnold akashinda mechi 14 kati ya 17.

Kwa ligi yoyote nyingine duniani, mtu wa namna hiyo hupewa mkataba mpya na funguo za mji. Minnesota walikaa na kalamu. Darnold sasa alikuwa na bei ya soko. McCarthy alikuwa bado na miaka mitatu ya bei ya chipukizi, na hiari ya mwaka mmoja juu yake. Machi 2025 Darnold akasaini Seattle, miaka mitatu, dola milioni 100.5. Minnesota wakabaki na kijana ambaye alikuwa hajacheza hata dakika moja ya mechi ya ligi, na fedha za kumnunulia walinzi.